Kukoroma sana sio kulala fofofo, msikilize mwenzio anavyopumua

Jamani naomba tuongelee kukoroma, maana kwetu mtu akikoroma hadi chumba cha pili wanasikia tunasema huyo kalala fofofo, kachoka, mwacheni apumzike. Wengine wanaokoroma hivyo hawapumziki hata kidogo na wenyewe hawajui, anayejua ni wewe unayelala pembeni yake.

Kukoroma kwa mume wangu nilishakuzoea, kilichonitisha ni ule ukimya. Anakoroma, sauti inapanda weee alafu kimya, kifua kinahangaika ila puani hakuna hewa, na wewe hapo umeshika pumzi yako unamsubiri, ghafla anashtuka kama mtu aliyekuwa amekabwa, anavuta hewa kwa nguvu, anageuka, inaanza upya. Asubuhi kinywa kikavu, kichwa kinagonga, usiku ameamka kwenda kukojoa weee, na mchana hata kwenye foleni akiwa ameshika usukani macho yanajifunga. Presha nayo haishuki, kliniki aliyokuwa anahudhuria wanamuongezea dawa tu, hakuna aliyemuuliza analalaje.

Hiyo ndo apnia ya usingizi. Ukilala misuli ya koo inalegea na ulimi unarudi nyuma, kwa wenye tatizo hili njia ya hewa inaziba sekunde 10 au zaidi, oksijeni inashuka, ubongo unakushtua uvute hewa na asubuhi hukumbuki chochote. Madaktari wanahesabu kwa saa moja pumzi imekatika au kupungua mara ngapi, kuanzia 5 ni tatizo, kuanzia 15 ni la kati, 30 na kuendelea ni kali. Mara 30 kwa saa maana yake kila dakika 2! Ndo maana presha inagoma kushuka, moyo unaelemewa, hatari ya kiharusi inapanda, na ajali za barabarani ndo usiseme.

Sasa fanya hivi, chukua simu umrekodi, hakikisha na kile kipande cha ukimya kimo. Nilipomwambia kwa mdomo alibisha, alipoona video mwenyewe akanyamaza. Video hiyo hiyo tukaenda nayo kwa daktari wa masikio, pua na koo akamwandikia kipimo cha usingizi, unavaa mkanda kifuani, kamrija puani na kidude cha kupima oksijeni kidoleni unalala navyo usiku kucha. Sio kila hospitali wanacho kwahiyo anzeni kuulizia hospitali kubwa za rufaa.

Tiba yenyewe kwa walio na hali kali ni mashine ya CPAP, aliibuni daktari wa Australia, Colin Sullivan, mwaka 1980, inasukuma hewa kupitia maski ili koo lisizibe. Bei yake imechangamka sana, na inasaidia usiku ule unaoivaa tu, usipoivaa tatizo linarudi palepale. Mwanzoni maski ilikuwa inavujisha hewa inampiga machoni, anaamka na alama za mikanda mashavuni, na usiku anaivua bila kujitambua. Kilichosaidia ni kubadilisha saizi, na kuivaa sebuleni akiangalia taarifa ya habari mpaka akaizoea. Umeme ukikatika msiogope, maski ina vitundu vya kupitishia hewa, mtu anaamka anaivua basi. Kupunguza uzito kunasaidia sana kwa mwenye unene, kulala ubavu pia, na pombe ya usiku iachwe kabisa, vilevile asipewe dawa za usingizi kama diazepam bila daktari sababu zinalegeza koo zaidi.

Kukosa usingizi ni tatizo jingine kabisa. Kama ni usiku 3 au zaidi kwa wiki na imefika miezi 3, usiishi kwa piritoni za duka la dawa, tiba ya kwanza ni kuufundisha mwili upya: amka saa ileile kila siku hata jumapili, na ukikaa kitandani kama dakika 20 macho makavu, toka, kaa kwingine bila simu, rudi usingizi ukija. Inachosha wiki za mwanzo ila inafanya kazi. Na jinamizi, ule wa kuamka huwezi kusogea, ubongo umetangulia kuamka misuli bado imefungwa, huwapata zaidi waliokosa usingizi na wanaolala chali, hujarogwa.

Wazazi, na nyie angalieni. Mtoto anayekoroma kila siku na kulala mdomo wazi anaweza kuwa na mafindofindo au nyama za pua, na mtoto mara nyingi hasinzii mchana kama mtu mzima, anakuwa hatulii, mwalimu anasema mtundu, hashiki masomo. Kabla hamjamchapa mpelekeni kwa daktari wa koo, wengi wakishatolewa hizo nyama wanalala kimya na darasani wanatulia.