Jagi la divai la babu: ni fedha kweli?

SWALI: Shikamoo mzee. Babu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja hapa Mwanza, akaachiwa jagi la divai lenye mpini wa matawi ya mzabibu. Chini limegongwa herufi EPNS. Mama hulisugua kwa majivu na mchanga wa ziwani, na sasa mdomo umeanza kuwa wa manjano. Ni fedha? – Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza kabisa, mama aache mchanga leo hii! Hiyo manjano ni metali ya ndani inayochungulia. EPNS maana yake ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha kwa umeme. Fedha yenyewe ni utando mwembamba tu, na kila msuguo unaondoka nao.

Kazi hiyo ilishamiri baada ya akina Elkington wa Birmingham kupata hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) mwaka 1840, enzi za Malkia Victoria, yuleyule ambaye mpelelezi Mwingereza Speke aliliita ziwa letu kwa jina lake mwaka 1858. Lakini herufi hizo ziliendelea kugongwa hata baada ya kifo chake mwaka 1901, kwa hiyo zenyewe hazitoshi kukupa umri.

Lioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na kitambaa cha pamba. Kwenye majani ya mpini pitisha mswaki laini, bila dawa ya meno, maana nayo inakwaruza. Likaushe palepale. Divai isilale humo, ina asidi.

Usikubali fundi alipake upya kabla sijaliona. Alama za vidole vya babu yako ziko kwenye mpini ule.