Ugonjwa haujulikani, majibu ya maabara bado: usikae kusubiri

Juzi mdogo wangu mmoja kanifuata inbox, kapangiwa timu ya dharura ya kuchunguza mlipuko wa ugonjwa kwa mara ya kwanza, watu wanaumwa homa haieleweki, malaria hamna, taifodi hamna, sampuli zimeshaenda. Anauliza, "dada, tusubiri majibu au?" Jamani msisubiri!

Mimi yalishanikuta. Homa kali, macho mekundu, misuli ya miguu inauma mpaka mtu hataki hata shuka limguse, wengine wakawa wa njano. Wakubwa wakakomaa kwamba chanzo ni maji ya kunywa. Mi nikachukua daftari nikachora mistari: umri, kazi, siku aliyoanza kuumwa, wiki mbili kabla alikuwa wapi. Nikaambiwa mbele za watu kuwa mimi ni wa makaratasi, niwaachie wenye kazi yao. Iliniuma na bado inaniuma.

Daftari likaonyesha karibu wote walisafisha ghala moja lililoingia maji. Wengi mngeishia hapo ila mimi nikawafuata wazima, wale waliosafisha ghala lile lile na hawaumwi, na maji ya kunywa walikunywa yale yale. Mmoja akanyoosha mguu akanionyesha gambuti, anasema hata joto liweje havui. Nikarudi wodini mbio nikaanza kuangalia miguu kitanda kwa kitanda, visigino vimepasuka, mikwaruzo, waliingia peku hao! Ghala likafungwa siku ile ile, majibu yakaja baadaye sana: homa ya mgunda, bakteria wa kwenye mkojo wa panya anaingilia ngozi iliyochanika. Ripoti ikatoka bila jina langu lakini waliokuwepo wanajua nani alizunguka na daftari.

Na sio mimi tu. Malaysia mwaka 1998 walidhani ni ugonjwa wa ubongo unaoletwa na mbu, wakapuliza dawa, wakachanja watu, wakati ule wa mbu kwa kawaida unapiga watoto na hapa walioanguka ni wanaume wazima wanaoshughulika na nguruwe, na wengine walishachanjwa! Virusi vya Nipah, vilivyotoka kwa nguruwe, vikaja kujulikana Machi 1999, na waliokufa walipita 100. Jibu lilikuwa kwa wasioumwa, watoto na wale wasiogusa nguruwe.

Kwa hiyo mdogo wangu, na nyie wote mnaotaka kazi hii, ulizeni nani haumwi. Kamuulize mke wa mgonjwa mbona yeye mzima na wanalala nyumba moja, muulize kwa upole maana ana mgonjwa, na usiingie wodini bila glovu na barakoa, kama hujui ugonjwa unavyoambukiza basi chukulia unaambukiza kwa kila njia. Halafu kesho nitumie hizo safu za daftari, majina ya wagonjwa yatoe, tuzipitie wote.