Swali la lugha: kingamwili ya binadamu ama ya sungura?

Msomaji mmoja wa Bukavu anayefanya kazi mu labo ametuandikia hivi: "Jambo sana mwalimu. Wamenipa kazi ya kuandika kwa Kiswahili etiketi za vichupa vya friji yetu, juu bastajeri wapya wasichanganye. Kuna kichupa kimoja cha antikore, waliitoa kwa lapin, inaonyesha protini STAT3 ya muntu kama iko na fosfati. Mimi nikaandika 'kingamwili cha binadamu dhidi ya STAT3 chenye fosfati'. Mwenzangu anasema hapana, andika 'kingamwili ya sungura'. Nani njo anasema kweli?"

Jambo sana ndugu. Kwa wasomaji wengine: antikore njo kingamwili, protini ambayo mwili unatengeneza ili kushika kitu kigeni. Mwenzako anakuzidi kidogo lakini hata yake haitoshi, na shida si biolojia, biolojia unaijua kunishinda, shida ni haka kaneno "ya" tunakokatumia kila saa bila kukaangalia.

Sikiliza vile tunasema mtaani. Dawa ya mtoto, mtoto njo ataikunywa. Dawa ya majani, majani njo wametengenezea. Dawa ya kikohozi, kikohozi kinaisha, na dawa ya panya, eeh, hapo panya anakufa. "Ya" ni ileile mara zote, anayesikia anaelewa kwa sababu anajua maisha, hakuna mtu anaenda soko ya Kadutu kununua dawa ili panya apone. Sasa kwa kingamwili ile akili ya kawaida haikuokoi, juu binadamu anatengeneza kingamwili, sungura naye anatengeneza, mbuzi pia, na ya mmoja inaweza kushika protini ya mwingine bila shida. Ukiandika "kingamwili ya binadamu" msomaji ana haki ya kuelewa imetoka mwilini mwa binadamu. Na hizo ziko kweli, wala hatuendi mbali: ile mAb114 waliyowapa wagonjwa wa Ebola kule Kivu Kaskazini mu majaribio ya 2018 na 2019, asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Ile njo kingamwili ya binadamu kwa maana kamili. Yako hapana, yako walimchoma sungura kipande cha STAT3, mwili wake ukaona kitu kigeni ukatengeneza kingamwili, kwa hiyo mwenye kuitengeneza ni sungura na inayotafutwa ni protini ya binadamu.

Na usifikiri ni mambo ya walimu wa lugha tu. Kwenye westeni bloti, ile njia ya labo ya kuonyesha protini juu ya membrani, kingamwili ya kwanza ikishashika protini unaongeza ya pili inayoishika ile ya kwanza, na hiyo ya pili unaichagua kufuatana na mnyama aliyetoa ya kwanza. Stajeri akisoma "ya binadamu" ataenda kuchukua ya pili inayotambua kingamwili za binadamu, itapita juu ya zile za sungura bila kuzishika, membrani itatoka nyeupe, na hapo wataanza kulaumu seli, wataulaumu umeme, wataulaumu hata mtambo, kumbe ni kaneno "ya".

Dawa yake ni kuweka kitenzi katikati ili kila "ya" ijue mwenyewe: kingamwili ya sungura ya kutambua STAT3 ya binadamu. Ukipenda "inayotambua" pia sawa. Na ile ya pili unaandika kingamwili ya mbuzi ya kutambua kingamwili za sungura, kama kweli ni ya mbuzi, angalia kichupa.

"Dhidi ya" mi ningeitoa. Chanjo dhidi ya surua sawa, mAb114 dhidi ya Ebola sawa kabisa, pale kuna adui. STAT3 si adui wa mtu, ni mjumbe wa seli: ishara kama interlukini 6 inagonga mlangoni kwa nje, vimeng'enya vya JAK vinaitia STAT3 fosfati, STAT3 mbili zinashikana zinaingia kwenye kiini cha seli kuwasha jeni. Kingamwili yako haipigani na kitu hapo, inashika tu ili uone. Najua kwa Kifaransa ile "anti" iko mbele ya jina la protini, lakini Kiswahili hakilazimiki kupigana kila fasi Kifaransa kinapigana.

Sasa kuna "chenye fosfati", na hapo uko na makosa mawili juu ya moja. La kwanza ni hicho "cha" na "chenye". Ki- ya kingamwili si ya kiti wala kisu, inatoka kwa kinga, na kinga inatoka kwa kukinga, ile k ni ya mzizi. Tunasema kinga hii, kinga yangu, basi kingamwili hii, kingamwili hizi. Utaniambia mbona kitabu ni neno la Kiarabu, ki- yake pia ni ya mzizi, na tumekubali vitabu? Kweli, na "vingamwili" naiona imeandikwa, labda siku moja itashinda. Lakini bado sijasikia mtu anasema "vinga", kwa hiyo mi nabaki na hizi.

La pili ni gumu kidogo. Ukishasahihisha inakuwa "yenye fosfati", lakini kingamwili na protini zote ziko ngeli moja ya i-/zi-, kwa hiyo "yenye" inaweza kurudi kwa yoyote, na kingamwili yako haina habari na fosfati, inaitafuta kwa mwingine. Hapa upatanisho haukusaidii, unabaki na mpangilio tu: "yenye" iguse jina lake, pasiingie kitu kati. Usiandike "kingamwili ya kutambua STAT3 ya sungura yenye fosfati", hiyo ni fujo, hata STAT3 imekuwa ya sungura. Andika: kingamwili ya sungura ya kutambua STAT3 yenye fosfati (tirosini 705), STAT3 hiyo ya binadamu. Ile tirosini 705 ni fasi mu protini ambapo fosfati inakaa, uiache kama ndivyo kichupa kinasema, maana STAT3 inatiwa fosfati hata kwenye serini 727, na kingamwili ya fasi moja haioni ya fasi ingine.

Kama etiketi ni ndogo sana, andika "toka: sungura / inatambua: STAT3 ya binadamu, fosfati Y705" (Y ni tirosini). Na kwa mdomo mu labo endeleeni kusema antikore, hakuna mtu atawafunga.