Maswali na Majibu: Vanishi ya mlango inabanduka

SWALI: Mlango wangu wa mbele ni wa mbao ngumu na unapigwa na jua la mchana. Niliupaka vanishi isiyo na rangi, mikono mitatu. Mwaka haujaisha, inabanduka na mbao chini yake imekuwa ya kijivu. Nikirudia mkono mmoja juu yake, itashika?

JIBU: Haitashika. Chukua ganda lililobanduka uligeuze: mara nyingi utakuta nyuzi za mbao zimegandia mgongoni. Vanishi isiyo na rangi hupitisha miale ya urujuanimno, yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho, nayo huvunja lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi hizo. Kwa hiyo vanishi inabaki imeshikilia nyuzi zilizokufa. Maji yakipenya kwenye ufa mmoja, mbao hutanuka na kusinyaa, na vanishi ngumu haiwezi kuifuata.

Kwangua yote. Piga msasa namba 80 mpaka kijivu kiishe kabisa, kisha 120, uishie hapo. Mbao iliyolainishwa mno haishiki vizuri. Kingo kali zizungushe kidogo, milimita 2 au 3, maana vanishi hukimbia kona na kubaki nyembamba. Mbao ikiwa kavu, paka ndani ya siku chache. Ikikaa tupu juani hata wiki mbili, mshiko umeshaanza kupungua.

Nunua vanishi ya nje inayonyumbuka, yenye kinga ya urujuanimno, na ikiwezekana yenye rangi kidogo ya kahawia. Rangi hiyo, kwa kawaida oksidi ya chuma, ndiyo inayozuia miale. Wengi huikataa kwa kupenda mbao ionekane, halafu hulipia kwa msasa. Poliyurethani, aina ya vanishi ya plastiki, ikiwa ni ya ndani iache ndani.

Kama vanishi ni ya mafuta, mkono wa kwanza uzimue kwa tina (kimiminika cha kuzimulia) iliyotajwa kwenye kopo, asilimia 10 hadi 20, ipenye. Ongeza mikono mitatu, ukipitisha msasa 220 kila mmoja ukikauka. Usipake juani: juu huwahi kukauka, tina inanaswa chini, na malengelenge hutokea. Tena, toa mlango kwenye bawaba upake ukingo wa chini. Huko ndiko ncha za mbao hunywa maji, na ndiko mafundi wengi husahau.

Baada ya hapo, mng'ao ukififia tu, pitisha msasa na uongeze mkono. Ukingoja nyufa, unaanza upya.

SWALI: Na benchi la bustanini?

JIBU: Maji hutuama juu ya benchi, hivyo vanishi haifai sana. Tumia mafuta ya mbao ya nje yenye rangi, yanayopenya bila kuacha ganda. Paka, subiri dakika 15 hivi, futa yaliyobaki. Yatapauka, lakini hayabanduki: utaosha na kupaka tena. Matambara uliyofutia yaanike yakiwa yametandazwa nje au yaloweke majini. Mafuta ya kitani, ambayo mara nyingi huwamo kwenye mafuta ya mbao, yakikauka hutoa joto, na matambara yaliyofinyangwa pamoja huweza kuwaka moto yenyewe.