Bega la sanamu ya resini kukatika: tafuta kinachobana kwanza

Mkuu uliyeandika kutoka Ipagala hapa Dodoma, umesema bega la sanamu yako ndogo yenye viungo vinavyozunguka lilikatika ulipolizungusha kwa mara ya kwanza baada ya kupaka rangi, pini ikabaki ndani ya tundu, na sasa unafikiria kuachana na resini ununue za plastiki. Usiache. Hilo bega linatengenezeka, na mengine hayatakatika ukielewa resini inavyofanya kazi.

Sanamu nyingi za aina hii ni resini ya poliyurethani iliyomiminwa kwenye kalibu ya silikoni. Inabeba alama ndogo ajabu, hata mshono wa glovu unauona, ila hainyumbuki. Plastiki ya ABS ukiilazimisha inapinda na kuweka weupe kabla haijavunjika. Resini haikupi dalili yoyote, unasikia tu "tak". Kwa hiyo kiungo kikibana, acha nguvu, tafuta kinachobana.

Anza na kuosha. Vipande vinatoka kalibuni na mafuta, na gundi wala rangi haishiki vizuri juu ya mafuta. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani. Maji yetu ya visima Dodoma ni magumu na yana chumvi, ukiyaacha yakauke yenyewe yanabakiza utando mweupe, hivyo suuza mwisho na maji ya chupa au ya mvua.

Halafu jaribu viungo vyote vikavu, bila tone la gundi. Hapa ndipo watu wanapoharakisha, na hapa ndipo mimi hukaa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Paka gololi ya kiungo, yaani ile ncha ya duara, penseli laini kote hadi iwe nyeusi, iingize kwenye kikombe chake, yaani tundu linaloipokea, taratibu, zungusha kidogo, itoe. Palipofutika au kung'aa ndipo panapobana. Mara nyingi ni kisiki kidogo kilichobaki pale resini ilipoingilia kalibuni, au mstari wa kalibu. Sugua hapo tu kwa msasa namba 600, kisha 1000, ukilowesha maji. Maji yanazuia vumbi, na vumbi la resini si la kuvuta, kwa hiyo vaa barakoa hata kama unasugua kidogo. Sugua gololi, kikombe kiache, maana kikombe ukikipanua hakirudi.

Kama bado haiingii, chovya upande wa kikombe kwenye maji ya moto kwa muda mfupi, ulainike, ndipo uingize. Gololi ibaki baridi. Ukipasha vyote viwili, gololi nayo inapoteza umbo.

Sasa gundi, na hili ni la kwetu hasa. Supa gluu inakauka kwa kutumia unyevu wa hewani. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya Dodoma ni kavu, gundi inachelewa, mtu anadhani ameweka kidogo anaongeza tone. Lile la ziada linanyonywa kwenye upenyo wa kiungo na kukigandisha kimya kimya. Weka kidogo kwa ncha ya kijiti cha meno, puliza pumzi yako juu ya kipande kimoja, unganisha, subiri. Sehemu iliyo karibu na kiungo mimi natumia gundi ya epoksi ya mirija miwili, kwa sababu ni nzito, haitambai. Usigundishe kitu chochote kiungo kikiwa kimeshavalishwa.

Rangi nayo ina unene. Kiungo kilichokaa sawa kabla ya rangi kitabana baada ya praima (rangi ya msingi) na tabaka mbili za rangi, na nadhani ndicho kilichokukuta. Funika gololi kwa tepu, ziba tundu kwa tishu iliyoloweshwa, ndipo upulize. Rangi ikiwa kavu kwa kidole haimaanishi imekomaa ndani. Ipe siku kadhaa kabla ya kuzungusha chochote.

Kwa hilo bega lako: pasha tundu kwa maji ya moto, toboa katikati ya pini iliyobaki kwa kekee ya mkono yenye biti ya milimita 1. Ya umeme inazalisha joto, resini inalainika na kushika biti. Ingiza skrubu ndogo mizunguko miwili kwa mkono, vuta kwa koleo ukizungusha. Ikitoka, toboa na upande wa mkono wa sanamu, unganisha vipande kwa waya wa klipu ya karatasi na epoksi, na uache usiku kucha. Safisha epoksi iliyotoka pembeni kabla haijakauka, kisha rudia ile ya penseli. Ukikwama kwenye kutoboa, weka picha ya kipande hapa tuone pini imekatikia wapi.