Jibu la swali la wiki: Mpeni kazi inayoanza na kuisha leo leo

Mmeuliza wiki hii mtoto asiye na makazi aanzishwe na nini, kusoma na kuhesabu au sayansi na sanaa za vitendo. Mi huwa najitolea kufundisha watoto wanaoishi kwenye makazi ya muda na wazazi wao, na jibu langu ni anzeni na mikono, kusoma kutaingia humo humo, ila kila somo lipangwe lianze na liishe siku hiyo hiyo. Hilo la kuisha siku hiyo naona wengi wanaliruka, na kwangu ndo kubwa kuliko yote.

Maana jamani huyu mtoto hajui wiki ijayo atalala wapi. Watu wakisikia hana makazi wanamfikiria yule wa barabarani tu, kumbe yupo anayelala sebuleni kwa ndugu kwa sababu wazazi wametolewa walipokuwa wamepanga, yupo wa kwenye gari, yupo wa hosteli ya dharura, na hata sheria ya Marekani ya McKinney-Vento iliyopitishwa mwaka 1987 siku hizi inawahesabu wote hao na inataka shule iwapokee hapo hapo hata kama makaratasi yao hayajakamilika. Mtoto kama huyo akiingia darasani anakuta wenzake wako katikati ya mada, akija kuondoka mada bado haijaisha, yani ameshazoea vitu vyake kukatika njiani. Sasa na wewe unakuja na mradi wa wiki sita wa kupanda mbegu na kupima mche unavyokua, ikifika wiki ya tatu nusu ya watoto wameshahamishwa na mikebe imebaki dirishani ina majina yao. Inaniuma sana kuona hivyo.

Kuna somo moja nalipenda mno, la kuchambua wino. Unachukua kalamu nyeusi ya felti, ile ya wino unaotoka kwa maji (isiyofutika haifai, wino wake hautaenda popote), unachora mstari kwenye kipande chembamba cha karatasi ya kuchujia, juu kidogo ya ncha, halafu unachovya ncha tu, mstari wenyewe usiguse maji. Baada ya hapo ni kusubiri. Maji yanapanda taratibu, yakifika kwenye wino yanaubeba, na ndani ya dakika chache ule weusi unaanza kuachana, pengine bluu inatangulia, zambarau inabaki nyuma, mara inatokea njano ambayo hakuna aliyeitegemea. Hapo wenyewe wanaanza kuuliza mbona hii imekimbia na ile imebaki, na jibu mtoto wa miaka saba analielewa: rangi inayoyeyuka vizuri kwenye maji inabebwa mbali, inayong'ang'ania karatasi inaachwa. Nakumbuka binti mmoja ambaye alikuwa haongei na mtu, alikusanya kalamu zote nyeusi za pale mezani akazipima moja moja, na chini ya kila karatasi akaandika imetoa rangi gani, tahajia yake mwenyewe, hakuna aliyemwambia aandike. Hivi mnaona alivyofika kwenye kuandika? Alikuwa na kitu cha kuandika. Vikikauka vile vipande wakavikata mabawa ya vipepeo, kila mmoja na rangi zake, kwa hiyo sayansi, sanaa na kuandika vyote vimepita ndani ya saa moja.

Na wala sio jambo geni hili. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua Casa dei Bambini (yani Nyumba ya Watoto) ya kwanza tarehe 6 Januari 1907 mtaa wa San Lorenzo kule Roma, kwa watoto wa vibarua maskini waliokuwa wanashinda kwenye majengo bila wa kuwaangalia wazazi wakiwa kazini. Herufi aliwakatia kwenye karatasi ya msasa wazipapase kwa vidole, na wale wadogo wa miaka minne mitano wakaanza kuandika. Kwa hiyo wanaosema sayansi na sanaa zisubiri kwanza mtoto ajue kusoma, kwa kweli siwaelewi.

Umeme nao wanaupenda, wanachora picha halafu wanaiwekea kitaa cheupe cha LED, betri mbili za kawaida za volti 1.5 zikifuatana zinatosha kukiwasha, kisipowaka wanageuza miguu ya hicho kitaa maana umeme unapita upande mmoja tu. Ila tafadhali sana msitumie zile betri bapa kama vifungo vya shati sehemu yenye watoto wadogo, mtoto akimeza ikakwama kooni inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili.

Kingine, msimwambie mtoto huyu achore nyumba yao au chumba chake. Mwambieni achore mashine ambayo bado haijabuniwa, au mnyama wa chini ya bahari, mwenyewe akitaka kuchora nyumba atachora. Na picha za nyuso zao za kurusha mitandaoni acheni kabisa, wengine wamekimbia mtu.

Halafu kazi zao zitunzwe. Friedl Dicker-Brandeis, msanii aliyefungwa na Wanazi kwenye geto la Terezín, yani eneo la kuwafungia Wayahudi, aliwafundisha watoto kuchora humo humo ndani na alitaka waandike majina yao kwenye michoro. Mwaka 1944 alipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akauawa, lakini michoro kama 4,500 ilikuwa imefichwa kwenye masanduku mawili, leo iko Makumbusho ya Kiyahudi ya Prague. Sifananishi mateso yale na haya, nasema tu kwamba mama wa watu akiambiwa afungashe usiku ule ule, cha kwanza kuachwa ni kile alichotengeneza mtoto. Ndo maana mi napendelea kazi bapa, na kila mtoto anapewa faili la plastiki lenye zipu linaloingia kwenye begi, kikiwa kitu kikubwa nakipiga picha chenyewe bila mtoto, naichapisha ndogo, inaingia humo.

Wanaotaka kuchangia leteni hayo mafaili, mikasi isiyo na ncha kali, gundi, kalamu na betri, msilete maboksi ya midoli iliyokwisha tengenezwa. Na mwenye nafasi ya kufundisha achague siku moja na saa moja asiibadilishe, hata akija mtoto mmoja somo lifanyike lote mpaka mwisho.