Kuchora kwa kujitegemea: kazi zangu za karibuni, na jibu langu kuhusu "mtindo"

Habari wakuu. Mleta uzi ameuliza mambo matatu: sisi tunaochora kwa kujitegemea tunashughulika na kazi gani siku hizi, picha inapitia hatua gani mpaka imfikie mteja, na mawazo tunayatoa wapi. Mwishoni akaongeza kwamba amehangaika muda mrefu kutafuta mtindo wake na bado hajaupata. Nitagusa yote, ila hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikae niandike. Mimi naamini mtindo hautafutwi. Unakuja wenyewe ukishakijua vizuri kitu unachokichora na mtu unayemchorea.

Kazi niliyokabidhi karibuni ni kitabu cha watoto kuhusu kwera, yule ndege anayefuma kiota. Kina kurasa 32, kama vitabu vingi vya picha vya watoto, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapa ikikunjwa hutoa kurasa kwa mafungu ya 8 au 16. Hadithi ni fupi: dume anajenga, jike anakuja kukagua, anakataa, dume anaanza upya. Kuhusu ujenzi wenyewe mwandishi aliweka sentensi moja tu, kwamba alifuma mpaka jua likazama. Sasa anafumaje? Nikaanza kutazama video za kwera wakiwa kazini, naisimamisha kila mdomo unapopitisha ukoka. Anaanza na pete. Anafunga ukoka kwenye tawi, anauzungusha mpaka unakutana, kisha anasimama ndani ya ile pete na kufuma kwa kadiri mdomo wake unavyofika: mbele chumba cha mayai, nyuma yake ukumbi mdogo wenye mlango unaotazama chini. Pete haiondolewi. Sehemu yake ya chini inabaki kuwa kizingiti, ili mayai yasibingirike nje.

Kuna jambo la pili nililoliona humo. Ukoka anaoutumia ni mbichi, maana mkavu haukunjiki. Kiota kipya ni kijani, na siku zinavyopita kinageuka kahawia. Kikikaa bila jike kukikubali, mara nyingi dume anakivunja mwenyewe na kujenga kingine. Rangi za kitabu kizima zikatoka hapo: kila kiota kinaanza na kijani kibichi, na kadiri unavyofunua kurasa kinaelekea rangi ya udongo. Andiko halisemi popote kwamba muda unakwisha, lakini mtoto anaona. Wengi waliokitazama kitabu wanasifia mtindo wa ile mistari myembamba inayopishana na kupita juu na chini ya mwenzake. Mistari ile nimeichukua kwa kwera.

Kuhusu hatua. Naanza kwa kusoma andiko mara kadhaa bila kushika penseli. Kisha nachora vichoro vidogo sana, visivyozidi upana wa vidole viwili, vingi kwa kila ukurasa. Udogo ule unakuzuia kupamba, kwa hiyo unaamua mambo ya msingi tu: nani awe mkubwa, nani awe mdogo, jicho liingilie wapi na litokee wapi. Kwa kuwa tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, ndege anayeruka kuelekea kulia anamvuta msomaji afunue ukurasa, na anayeelekea kushoto anaonekana anarudi nyuma au amezuiwa. Jike anapokataa kiota, nimemgeuza kushoto.

Baada ya hapo nakunja karatasi na kutengeneza kitabu cha mfano chenye ukubwa halisi, nabandika vichoro, nakifunua kwa mkono. Hatua hii usiiruke kamwe. Kwenye skrini kurasa mbili zinakaa bapa, lakini kitabu kina mshono katikati, na uso ulioangukia kwenye mshono unamezwa. Mhariri anaona kazi ikiwa bado ya penseli, anasema yake, ndipo naingia kwenye wino na tableti. Ya mtambo kwa haraka: ubora wa nukta 300 kwa inchi, milimita 3 za ziada kila ukingo unaokatwa, na jaribio la rangi kwenye karatasi, kwa sababu ile kijani inayowaka kwenye skrini hufifia ikichapwa kwa zile rangi nne za wino wa mtambo.

Kazi nyingine niliyokuwa nayo ni tofauti kabisa: kikaratasi cha kuwaonyesha walezi wasiosoma jinsi ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Kipimo kinajulikana: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, na vijiko vyote viwe vimesawazishwa. Sasa jaribu kuchora "vimesawazishwa". Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, kwa hiyo hapo hakuna nafasi ya kukisia. Kijiko ukikichora kutoka juu, kilichojaa kichuguu na kilichokatwa sawa vinafanana. Nikakichora kutoka ubavuni, na kisu kinapita juu ya ukingo, punje zinadondoka upande wa pili. Lakini nusu kijiko ikataka kinyume chake: kutoka juu, kisu kinagawa chumvi katikati na kusukuma nusu nje. Ikabidi picha mbili zifuatane. Sukari nimechora vijiko sita kweli, kwa safu, bila tarakimu. Mishale sikuitumia, kwa sababu mtu asiyeizoea anaweza kuiona kama kitu kilichopo pale mezani. Mkono uleule, wenye bangili ileile, unaonekana kwenye kila hatua, na ndio unaoongoza. Rasimu tulimpa mtu aitazame bila maelezo, kisha tukamuuliza hapa anayefanya anafanya nini.

Ukiziweka kazi hizo mbili pamoja utasema wamechora watu wawili. Mimi sioni tatizo lolote hapo.

Wanaonipa moyo ni wengi, lakini wa kwanza ni Maria Sibylla Merian, mchoraji wa wadudu na mimea. Mwaka 1699, akiwa na umri wa miaka 52, alisafiri na binti yake mdogo mpaka Suriname kuchora wadudu, na kitabu chake kikatoka 1705. Aliwachora pamoja na mmea wanaoula, kiwavi, kifukofuko na kipepeo kwenye picha moja. Kila ninapoona mchoro wa mnyama anayeelea kwenye weupe mtupu, namkumbuka yeye na najiuliza huyu anakula nini, anakaa wapi. Mwingine ni mchoraji wa Kijerumani Albrecht Dürer na kifaru chake cha 1515, aliyemchora kwa kutegemea barua na mchoro wa mtu mwingine, bila kumwona. Akampa bamba kama za deraya na pembe ndogo ya pili mgongoni, na watu wakainakili picha ile kwa zaidi ya miaka 200. Naipenda mno kwa nguvu ya mistari yake, na nimeibandika mbele yangu inikumbushe jinsi picha nzuri inavyoaminiwa hata inapokosea.

Sasa mleta uzi, kwa hali yako hasa. Umesema unawaonyesha wachapishaji picha zako bora, kila moja ya aina yake, na hawarudi. Chagua hadithi moja fupi, uichoree kurasa tatu au nne zinazofuatana: mhusika yuleyule akiwa amekasirika, akikimbia, akiwa mbali, akiwa amelala. Mhariri anataka kujua kama uso utabaki uleule mpaka ukurasa wa mwisho, na picha moja moja hazimwambii hilo. Wakikuita, kabla hujagusa penseli pateni maandishi yanayosema ni marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, malipo ya kwanza yanalipwa lini, na picha zitatumika wapi na kwa muda gani. Ukizimaliza hizo kurasa, ziweke hapa tuzitazame.